Mayai Yenye Baba

Kwenye soko la Kamina mayai yako ya namna mbili, na muuzaji asiyeyajua majina yake afadhali auze chumvi. Yapo mayai ya mjane: makubwa, safi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, lakini mama yao alifugwa bila jogoo. Hayo utayakaanga, utayachemsha, utampelekea mgonjwa hospitalini, na hakuna atakayekulaumu. Ila ukimlaza kuku juu yake, kuku huyo atakaa mpaka tumbo limnyonyoke manyoya, na mwisho wa safari utapata harufu tu. Halafu yapo mayai yenye baba. Hayo ndiyo mbegu. Hayo ndiyo aliyouza Talitha Ngoie, na ole wake aliyeyaita mayai tu.

"Mayayi bei gani?" mteja angeuliza.

"Mama, hii haiko mayayi. Hii njo bana ba kuku, banalala kidogo."

Watu walicheka, na waliocheka walinunua. Talitha alitoka shule ya ufundi na diploma ya serikali katika kilimo, na baba yake, Esdras Ngoy, karani katika ofisi za jimbo na mwimbaji wa besi katika kwaya ya Kimetodisti, alikuwa amekwisha kumtazamia meza karibu na yake, yenye droo mbili na mhuri. Talitha akachagua banda la kuku nyuma ya nyumba. Baba hakumkataza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayefunga faili, kwamba mtoto atachoka.

Hakuchoka. Na kilichowashangaza watu zaidi ni kuku aliowachagua. Mjini kila aliyeota ufugaji aliota wale kuku wekundu wa kizungu wanaoletwa kutoka Lubumbashi. Talitha hakuwadharau. Kwa kutaga, hakuna wa kuwashinda. Lakini mwewe akipita juu wao wanamtazama kama mgeni wa heshima. Chakula chao cha magunia kikichelewa njiani, wanagoma kama watumishi waliosahauliwa mshahara. Kulalia mayai hawajui, hata ukiwaimbia. Na kwa muuza mbegu ubaya wao mkubwa ni huu: mtoto wao hafanani na mama. Mteja ananunua yai akitarajia kuku wa kutaga kila siku, anapata kuku wa kula kila siku.

Basi yeye akaenda kutafuta kuku wa shingo tupu, wale ambao watu wa Kamina huwaficha mgeni akija. Alizunguka mtaa kwa mtaa, akiuliza ni nani kati yao hutaga hata miezi ya baridi na vumbi, nani hulalia na kutoka na vifaranga vyote, nani humrukia mwewe usoni. Aliyekuwa mzuri wa sura tu alimwacha kwa mwenyewe.

"Talitha!" Glodie, jirani yake, alipenda kumwita juu ya ukuta, kana kwamba kuku wametoka saluni bila wigi. "Kuku yako balitoka ku kwafere gani? Balisahau kubavalisha perike!"

"Chakula yenye kuku yako inatia mu manyoya, yangu inatia mu mayayi," Talitha alijibu bila kuinua kichwa. "Weye baki na perike."

Lakini fahari ya banda lile ilikuwa jogoo. Alikuwa mweusi tii, mwenye kumetameta kijani juani, kifua kipana kama mlango wa kanisa. Alifika Kamina akiwa kifaranga ndani ya katoni, kwa treni kutoka Lubumbashi, na kabla ya hapo alikuwa amevuka mpaka kutoka Zambia. Majirani walimwita Shefdegare, mkuu wa stesheni, kwa sababu treni ilipopiga honi naye alijibu, kana kwamba bila ruhusa yake isingeweza kuondoka. Kamina nzima haikuwa na mwingine wa mbegu yake. Damu yake ya kigeni na majike yale magumu ya nyumbani, hapo ndipo Talitha alipoona kuku wa kesho: mzito, mtagaji, na mwenye akili ya kukimbia mwewe.

Siku moja akaitwa Base, kambi ya jeshi nje ya mji.

Aliyemwita alikuwa Mama Bolingo, mke wa ajida, mkubwa mmoja wa askari, mzaliwa wa Mbandaka, mama mpana mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Huyu alikuwa amenunua mashine ya kuangulia inayotumia umeme wa jua, na akina mama wa kambi walikuwa wakiizunguka mashine ile kama mtoto mchanga. Ilikuwa imewashwa mara moja tu, na mara hiyo moja ilikuwa aibu.

"Weye njo mutoto wa mayayi yenye baba?" aliuliza Mama Bolingo, akimpima Talitha kutoka kitambaa cha kichwani mpaka sandali.

"Njo minyi, mama."

"Ule mwenye aliniuzishaka ya mbele, naye alisema vile vile. Alijipiga mpaka na kifua. Nikachunga mayayi mu mashini sawa nachunga bagonjwa. Kisha? Bure! Yote ya mujane! Harufu iliingia mpaka mu kepi ya ajida." Akina mama waliokaa kibarazani wakaangua kicheko, ilionekana kisa hicho kilikuwa kimesimuliwa mara nyingi na bado kilikuwa kitamu. Mama Bolingo hakucheka. "Sasa sikia. Lete mayayi yako. Nitayalalisha, na kisha wiki moja tutayaangalia na tochi, mbele ya bamama bote ba hapa. Yakiwa na baba, kambi yote itanunua kwako. Yakiwa ya mujane, mutoto wangu, hapa ku Base hautauzisha tena hata manyoya."

Talitha alihisi moyo unamwenda mbio, na akapenda ulivyokwenda mbio.

"Mama, utaangalia weye mwenyewe, na tochi yako mwenyewe," alisema. "Minyi nitasimama pembeni, mikono mu mugongo."

Alirudi mjini nyuma ya pikipiki ya Jérémy, kijana wa mtaani kwao, akiimba ndani ya upepo na vumbi. Kambi nzima! Familia za askari kutoka kila pembe ya Kongo, na kila ua una kuku. Huko nyumbani yangetosha mayai ya wiki moja kutoka kwa majike yake. Alikuwa akipanga kichwani jinsi atakavyoyahifadhi, ncha chini, mahali pa kivuli, wakati pikipiki iliposimama mbele ya lupango lao, ua wa nyumba yao, na pua yake ikanusa mawese.

Baiskeli ya mizigo ilikuwa imeegemezwa ukutani, imebeba vitunga vya samaki wa kukaushwa. Talitha aliijua. Ilikuwa ya baba mkubwa Abdias, kaka wa baba yake kutoka Kabondo-Dianda, yule aliyevua samaki na kusukuma baiskeli miaka na miaka ili mdogo wake Esdras asome. Furaha ya Talitha iliongezeka maradufu. Kisha akawaona kuku wake. Walisimama mafungu mafungu katikati ya ua, shingo zao tupu zimenyooshwa, kama watu waliofika ofisini wakakuta mlango umefungwa.

Jikoni mama yake, Mama Lise, alikuwa akikoroga nyungu na hakuinua macho. Kando ya jivu palikuwa na manyoya. Meusi, na juani yalimetameta kijani.

"Mama," Talitha alisema polepole. "Njo nani mu nyungu?"

Hakusema nini. Alisema nani.

"Nilimwambia baba yako," alijibu Mama Lise. "Nikamwambia tena. Akasema yaya yake, kaka yake mukubwa, hawezi kukula kuku-jike sawa mutoto mudogo. Mutu mwenye alimusomesha! Inatakiwa jogoo, na firigisi juu ya sahani yake."

"Si kulikuwa bata ya Glodie?"

"Bata? Mbele ya Abdias? Unataka bazungumuze mpaka Bukama?"

Baba yake alitokea mlangoni, amevaa shati lake la kwaya, uso umechangamka. Alipoona macho ya binti yake alidhani anajua anachotaka kusikia.

"Usiogope," alisema kwa upole. "Kuku yako yote ya kutaga nilichunga. Hata moja sikugusa. Nilikamata tu ule mwenye hafanye kazi."

Baba yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani. Alikuwa amesimama mbele ya banda kama mbele ya orodha ya wafanyakazi, akatafuta ni nani kati yao hajawahi kutaga hata yai moja, akamwondoa kazini.

Mgeni hakosewi heshima. Talitha alinawa uso, akaingia sebuleni, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu na kumwamkia baba mkubwa kwa Kiluba jinsi inavyopasa. Mzee Abdias alikuwa mwembamba, mikono mikubwa ya mtu wa makasia na usukani wa baiskeli, macho ya mchezo. Alimwita Talitha "mama yangu mudogo", kama wazee wanavyowaita mabinti, akamuuliza habari za kuku, naye akajibu kwamba wapo. Bukari, ugali wa kwao, ikaletwa. Sahani ikaletwa. Firigisi ikawekwa mbele ya mzee, na mzee akaitia mdomoni, akafumba macho.

"Esdras," alisema akitafuna, "hii kuku ilikuwa mukubwa. Ya kwetu haifikie hivi. Ilikuwa kuku ya namna gani?"

Esdras akamtazama binti yake, kwa maana hilo alikuwa hajui.

"Baba mukubwa," Talitha alisema, sauti laini kama ya mtu anayesoma somo kanisani, "ilikuwa bwana ya kuku yote ya hii lupango. Njo ilikuwa baba ya mayayi yenye niliahidi leo ku Base, mbele ya bamama bote."

Taya za mzee zikasimama. Firigisi ilibaki pale, upande mmoja wa shavu. Kuitema mbele ya mdogo wake haikuwezekana. Kuimeza, sasa, ilionekana kama kumla mtu anayemjua. Alimtazama Esdras. Esdras aliitazama bukari. Mwishowe mzee akameza, kwa shida, machozi yakimlenga.

"Esdras," alisema, "ulinipikia mukwe wa mutoto?"

Mama Lise akacheka kwanza, mkono mdomoni, kisha mzee, na Esdras peke yake hakucheka. Alikuwa ameelewa. Alisogeza sahani yake kando, na jioni ile kwaya ilimkosa.

Jérémy alibeba abiria kutwa na habari bila malipo. Kesho yake, kabla ya saa sita, simu ya Talitha iliita.

"Nasikia mulikula baba," sauti ya Mama Bolingo ilisema, na nyuma yake palisikika vicheko.

"Tulimukula, mama. Na bukari."

"Basi kwisha. Usijisumbue. Sitaki mayayi ya mujane mu mashini yangu mara ya mbili."

Talitha alikuwa amesimama bandani, yai la asubuhi ile mkononi, lenye joto bado. Alikuwa amelala na swali hilo na ameamka na jibu lake, kwa maana ndilo jambo moja ambalo soko zima halikulijua na yeye alilijua.

"Mama, sikia kidogo. Kuku-jike haiombe mbegu kila siku. Ile yenye bwana aliacha, iko naichunga ndani ya mwili, wiki moja na zaidi, na kila yai yenye inatengeneza, inaitia kidogo. Bwana alikufa. Mbegu yake haikufa."

"Maneno ya masomo hayo."

"Haiko ya masomo. Mama, kule kambini hakuna bibi mwenye bwana yake alienda ku vita akiacha mimba?"

Vicheko vya nyuma vikakatika.

"Iko," Mama Bolingo alisema hatimaye, kwa sauti nyingine. "Iko mingi."

"Na mutoto akizaliwa, nani anathubutu kusema hana baba?"

"Hapa? Nitamuvunja meno." Akavuta pumzi. "Lete. Lakini tochi njo itasema."

Wiki ile nyumba ya Esdras Ngoy iliishi kama nyumba yenye mgonjwa wa kufa au bibi harusi. Talitha aliyaokota mayai mara tu kuku alipotoka kwenye kiota. Hakuyaosha, kwa sababu maji hufungua ganda na kuingiza ugonjwa; aliyafuta tu kwa kitambaa kikavu pale palipochafuka. Yenye ufa, yaliyopinda, yaliyo madogo kupita kiasi, aliyatenga. Mengine aliyapanga ncha chini ndani ya kitunga chenye maganda makavu ya mahindi, chumbani mwake, akayainamisha upande huu asubuhi na upande ule jioni. Baba yake alijifunza kupita mlangoni kwa ncha za vidole. Alikuwa hajaomba msamaha, ila kila siku alirudi kutoka kazini na gunia dogo la pumba chini ya kwapa, suti na yote, akiwaamkia watu njiani kama kawaida.

Kitunga hakikujaa. Wiki ilipokwisha, mayai yalifika chini kidogo ya ukingo, na mashine ya Mama Bolingo ilitaka zaidi.

"Kuku bado banataga," Mama Lise alisema. "Ongeza ya leo na ya kesho. Nani atajua?"

"Chukua na yangu," Glodie alidakia juu ya ukuta, na safari hii hakuwa akitania. "Ganda iko moja, Talitha. Yai ni yai."

"Njo hapo tunaachana, yaya," alijibu Talitha. "Ya wiki hii nayajua. Kuanzia leo mbegu iko napungua, sina hakika tena. Na yenye sina hakika siiweke mu kitunga yenye iko na jina yangu." Akamkabidhi mama yake mayai ya siku hiyo. "Hii tukaange."

Esdras alikula kimanda hicho peke yake, kama mtu anayetumikia kifungo.

Jérémy alikuja na pikipiki, amejiandaa kufidia maneno yake. Mzee Abdias alikuwa ameuza samaki wake wote tangu siku ya pili, na mtu yeyote angedhani angekuwa amekwisha kurudi Kabondo. Alimsukuma Jérémy kando kwa kiwiko.

"Na mashimo ya ile njia? Utafikisha kimanda," alisema. "Minyi njo nilikula baba yabo. Minyi njo nitabeba bana."

Basi wakaenda, mzee akisukuma baiskeli, kitunga kimefungwa juu ya mto wa kulalia wa Esdras mwenyewe, Talitha akitembea kando na mkono mmoja juu ya kifuniko. Penye reli, mzee alisimama, wakainyanyua baiskeli wote wawili na kuipitisha juu ya vyuma kama jeneza la mtu mkubwa. Penye mchanga alivuta. Penye mashimo aliikumbatia. Waliopita kwa baiskeli zao wakipiga kengele walimtania: "Baba, unabeba mayayi ao sakramenti?" Naye alijibu kwamba wapunguze sauti, kuna watoto wamelala. Talitha alimtazama mgongo wake uliolowa jasho na hakuona tena haja ya kumsamehe mtu yeyote.

Mama Bolingo alifunua kitunga, akatazama, akakunja uso.

"Mashini haitajaa."

"Haitajaa, mama."

"Nilitaka unijazie."

"Yenye iko na baba njo hii. Ingine ningeweza kuongeza, ungenilipa, na siku ya tochi ningekuwa naangalia chini. Minyi sipende kuangalia chini."

Mama Bolingo alikunja mikono ya nguo yake. Kisha akaanza kuyapanga mayai ndani ya mashine, moja moja, na mikono ile mipana ilikuwa myepesi ajabu.

Siku ya tochi ilipofika, walining'iniza blanketi la jeshi dirishani mpaka chumba kikawa giza mchana kweupe. Kambi ilikuwa imejaa humo. Mama Tshiala wa Mwene-Ditu alikuwa mbele kabisa, amebeba mtoto mgongoni. Mama Kabedi, bibi mzee mwenye meno machache na maoni mengi, alikuwa amepewa kiti. Wengine wa Bukavu, wa Kisangani, wa Gemena walibanana ukutani. Mzee Abdias alisimama mlangoni, kofia mkononi. Talitha alisimama pembeni, mikono nyuma ya mgongo, kama alivyoahidi.

Mama Bolingo akawasha tochi ya simu, akaifunika kwa kiganja akiacha tundu dogo, akaweka yai la kwanza juu yake.

Yai liliwaka kama taa ya njano. Tupu. Hakuna doa, hakuna uzi.

Mtu akaguna. Mama Kabedi akasema kwa sauti kubwa, "Mujane huyo." Kicheko kidogo kikazunguka chumba. Shingo ya Talitha haikuinama. Hakuna kuku duniani ambaye kila yai lake ni mtoto. Hilo alilijua, na alijua pia kwamba mtu aliyepigwa na kicheko mara ya kwanza hawezi kuanza kulieleza.

"Weka pembeni," alisema. "Lete ingine."

Yai la pili liliwaka. Na ndani yake, katikati ya wekundu laini, palikuwa na doa jeusi dogo kama jicho, na kutoka kwenye doa hilo mishipa ilitawanyika pande zote, myembamba, myekundu, kama mizizi ya nyasi.

Na lile doa likaruka.

"Inacheza!" mzee Abdias alipiga kelele kutoka mlangoni, akasahau umri wake. "Inacheza, Talitha! Iko mutu ndani!"

Hakuna aliyecheka. Akina mama walisogea. La tatu lilikuwa na mizizi. La nne. La tano. Mama Bolingo aliacha kutangaza. Aliinua tu na kuonyesha, aliinua na kuonyesha, na kila lilipowaka chumba kilivuta pumzi kwa pamoja. Yaliyokuwa tupu yalikuwa machache, yakakaa pembeni kwenye bakuli, na baada ya muda hakuna aliyeyatazama. Mke mmoja kijana, ambaye Talitha hakulijua jina lake, alikuwa ameshika tumbo lake kubwa kwa mikono miwili na analia bila sauti. Mama Tshiala alimpa bega.

Yai la mwisho liliporudi mashinini, Mama Bolingo alizima tochi.

"Bamama," sauti yake ya gwaride ilisema, "mulaji wa mayayi aende sokoni. Mwenye kutaka mbegu, njo huyu mutoto hapa."

Blanketi likashushwa, mwanga ukaingia, na wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja. Huyu anataka mayai ya kuku wawili wa kulalia, yule anataka mashine ijazwe tena, mwingine anauliza kama kweli shingo tupu haziumwi baridi. Talitha aliwaacha waseme mpaka wakachoka.

"Bamama, aksanti. Lakini kwa sasa siuzishe kitu. Kuku yangu njo bajane sasa, kweli kabisa. Mbele nitafute bwana."

"Weye ao kuku?" aliuliza Mama Kabedi, na safari hii Talitha alicheka kuliko wote, kama mjukuu kwa bibi yake.

"Kuku, nkambo! Minyi nitangoja. Kuku haiwezi kungoja."

"Si utakamata mutoto wa ule baba?" Mama Bolingo aliuliza, akionyesha mashine. "Majogoo itatoka humu."

"Njo batoto ba majike yangu hao, mama. Mutoto hawezi kuoa mama yake, hata kwa kuku. Mbegu inaharibika. Inatakiwa damu ingine. Ya mbali."

Akina mama walitazamana. Wote pale walikuwa wametoka mbali. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa mahali alipozaliwa jirani yake, na askari anapohamishwa, mke wake huacha kitanda, huacha kabati, lakini kuku humfunga miguu na kumbeba.

Wa kwanza kutoka mbio alikuwa Mama Tshiala. Alirudi na jogoo mwekundu chini ya kwapa, akipaaza sauti kwamba huyu ni wa Kasai, damu safi, babu yake alipigana na nyoka. Kabla hajamaliza, mama wa Bukavu alikuwa amefika na wake, mweupe mwenye madoa, akisema wa Kasai hupigana kwa sababu hawajui kazi nyingine. Wa Gemena alileta jogoo mrefu kama korongo. Ua ukajaa mabawa, vumbi na matusi ya kirafiki, na ajida mwenyewe, aliyekuwa akirudi nyumbani kula, alisimama langoni akaona ni busara kuzunguka kwa nyuma.

Talitha alipita mbele yao taratibu. Mikono haikuwa tena nyuma ya mgongo. Alimshika wa Gemena, akapapasa mfupa wa kifua, ukawa umepinda. "Hapana, mama, samahani." Wa Bukavu alikuwa na jicho lenye ukungu. Wa Kasai alikuwa mzuri kweli, kifua sawa, miguu safi, magamba yamelala vizuri. Mama Tshiala alikuwa amekwisha kuanza kucheza.

"Huyu muzuri," Talitha alisema. "Mama yake iko wapi?"

"Mama yake ya nini? Unaoa yeye ao mama yake?"

"Jogoo haitage, mama. Vile binti yake batataga, inaandikwa kwa mama yake. Nionyeshe mama yake."

Mama Tshiala akaacha kucheza. Mama wa jogoo huyo alikuwa ameliwa Krismasi. Wakati wengine wakimcheka, Mama Kabedi aliinuka kwenye kiti chake, bila haraka, akaenda nyuma ya nyumba yake ya tofali. Alirudi na jogoo wa kijivu asiye mkubwa, ambaye hakuna aliyekuwa amemjali, na chini ya mkono mwingine jike la kijivu lililokuwa linagombana na dunia nzima.

"Yangu ilitoka Kalemie, kando ya ziwa," alisema. "Mutoto hii. Mama yake hii. Ya mama yake pia iko ku nyumba, imezeeka sawa minyi."

Talitha alimpokea jike. Likamdonoa mkono mpaka damu ikatoka, naye akafurahi. Akalilaza juu ya paja, kichwa chini ya kwapa lake, akapitisha vidole nyuma, kati ya mifupa miwili ya nyonga pale yai linapopitia. Jike lisilotaga, kidole kimoja hakipiti. Hapa viliingia vitatu, na nafasi ikabaki. Akapapasa tumbo: laini. Akatazama masikio, miguu iliyopauka kwa kutoa rangi yake yote kwenye viini vya mayai.

Mama Bolingo alikuwa ameshika kiuno. Mama Kabedi hakupepesa. Mzee Abdias, kofia bado mkononi, alimtazama binti wa mdogo wake kama anayeona mtumbwi wake ukiingia majini kwa mara ya kwanza.

Talitha alikuwa amekwisha kujua jogoo ni yupi. Aliacha vidole vyake pale bado kidogo, akainamisha kichwa kama mtu anayepima jambo zito, kwa sababu tu alitaka wamngoje.